Kanuni ya Mnyama Uliyemwona

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema kitabu hakikueleza, au kwamba kwa leo mchezo umetosha na chai inapoa. Broka wa dhahabu alikuwa amenyoosha kidole juu ya meza yangu, anataka shemeji yangu aulizwe mbele yetu sote amemwona fisi wapi, lini, na kama alimwona kwa macho yake au alisimuliwa. Kitabu kilikuwa mikononi mwangu na mwamuzi nilikuwa mimi. Nikavaa miwani, nikausoma mstari ule upya, nikamgeukia mdogo wa marehemu mke wangu.

"Shemeji," nikamwambia, "jibu."

Mchezo wenyewe aliuleta mpangaji wangu, mwanamume aliyekuwa akifanya kazi ya upimaji mgodini hapa Geita. Mgeni mmoja aliyemaliza mkataba na kurudi kwao alimwachia kitabu kinene chenye jalada gumu na mfuko wa dadu za ajabu, nyingine zina pande nane, nyingine ishirini. Hauna ubao wala kete. Watu wanakaa mezani, mmoja anasimulia safari, na wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya safari hiyo. Unasema unataka kufanya nini, unarusha dadu, msimulizi anakuambia kilichokupata. Mpangaji ndiye alikuwa msimulizi wetu. Tulicheza Jumapili mchana, watu wakishatoka kanisani na kula, kwenye baraza langu linaloangalia barabara.

Shemeji yangu alichagua kuwa kuhani wa msitu. Watu hao, kwa mujibu wa kitabu, wanaishi na miti na wanyama, na wana uwezo wa kujigeuza mnyama. Yeye alikuwa nesi mstaafu, mjane, mwenye duka dogo la dawa mtaa wa pili kutoka kwangu. Mke wangu alipofariki, binti yetu alikuwa na miaka sita, na huyu mama yake mdogo ndiye aliyemchukua, akamlea, akamsomesha mpaka akaolewa Shinyanga mjini. Mimi nilitoa ada. Yeye alitoa mengine yote. Katika miaka hiyo yote sikumbuki kumsikia akicheka kwa sauti. Mezani pale, akijigeuza tumbili na kuiba funguo za askari, alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

Mchezaji mwingine alikuwa huyo broka, jirani yangu, mnunuzi wa dhahabu ya wachimbaji wadogo. Asubuhi utamkuta karasha, mawe yanaposagwa; jioni utamkuta kwenye drafti. Hapendi kushindwa, hata na mtoto. Alikuwa ametoka pande zile zile za vijijini Shinyanga alikozaliwa shemeji yangu, na mwanzoni jambo hilo liliwapatanisha, wakawa wanasalimiana Kisukuma na kutaniana. Katika mchezo alikuwa mpiga upanga.

Mimi sikuwa na mhusika. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na mpangaji, pamoja na elimu yake yote, alikuwa anasoma kurasa zile kwa kusitasita. Mimi nilimaliza sekondari enzi ambazo ukikosea sentensi ya Kiingereza unachapwa mbele ya darasa. Kwa hiyo wakaniomba nisome kanuni, nizitafsiri, na penye ugomvi niamue. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimestaafu ukarani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na tangu nistaafu hakuna aliyewahi kuniuliza jambo akangoja jibu langu. Kiwandani mkulima alikuwa ananisihi, ananionyesha mikono yake, ananiambia mvua imemharibia. Mimi namwonyesha karatasi. Karatasi imesema pamba ina unyevu, basi ina unyevu. Sikuwahi kujiona mkatili. Nilijiona mtu wa haki.

Nikanunua daftari la kurasa mia moja, nikaanza kuandika kila uamuzi.

Kanuni za kujigeuza ndizo zilizoleta maneno mengi. Kuhani anaweza kujigeuza mara mbili, kisha apumzike. Akiwa mnyama anabaki na akili yake, lakini hasemi wala hafanyi dawa zake. Mnyama akipigwa mpaka akaishiwa nguvu, kuhani hafi. Anarudi kuwa mtu, na pigo lililozidi ndilo linalomfuata kwenye mwili wake mwenyewe. Broka hakulipenda hilo hata kidogo.

"Yaani huyu ana roho mbili?" alifoka. "Mimi nikipigwa nimepigwa, yeye akipigwa anabadilisha ngozi?"

"Nawe ungechagua kuhani," shemeji akamjibu. "Nani alikutuma kubeba upanga kama mchunga ng'ombe wa sinema?"

"Na nguo je? Mzee, tazama hapo. Akirudi kuwa mtu, anarudi na nguo?"

"Yaani wasiwasi wako wote ni nguo zangu," shemeji akasema. "Na umri huu."

Mpangaji alicheka mpaka akamwaga chai. Nikasoma, nikatoa uamuzi: vitu alivyovaa vinaweza kudondoka, au kuungana na mwili wa mnyama, chaguo ni lake. Nikaandika. Broka hakucheka. Kuanzia siku ile hakumwita tena dada. Alimwita nesi, na alilitamka kama mtu anayetema kitu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la dubu. Shemeji alitaka kujigeuza dubu, kwa kuwa picha yake ilikuwa kitabuni na nguvu zake zilikuwa nyingi. Kanuni inasema kuhani hujigeuza mnyama ambaye amewahi kumwona. Mpangaji akasema anavyoelewa yeye, anayepaswa kuwa amemwona ni yule kuhani wa ndani ya hadithi, na kuhani wa misitu ya baridi bila shaka amewaona dubu wengi. Maelezo yake yalikuwa na akili. Leo nasema yalikuwa sahihi. Lakini yalitoka kwa mpangaji, na mwamuzi nilikuwa mimi, tena broka alikuwa ananitazama aone kama nitampendelea ndugu yangu.

"Hapana," nikasema. "Anayecheza ndiye awe amemwona. Vinginevyo kila mtu atasema amemwona."

"Mzee, lakini sisi hakuna aliyewahi kuona hata huo upanga," mpangaji akasema.

"Nimeshaamua."

Broka akapiga meza kwa kiganja. "Huyu ndiye mwamuzi! Mzee hana upendeleo."

Sifa ile ilinikaa mwilini wiki nzima. Shemeji aliniangalia tu, akachagua mbwa. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika: mbwa, shemeji, amekubaliwa. Kenge, shemeji, amekubaliwa. Tumbili, shemeji, amekubaliwa.

Nafikia sasa Jumapili ile. Katika safari yetu tulikuwa tumefika kwenye boma la mtemi mbaya, lina ukuta mrefu na lango la chuma. Broka alitaka kupita langoni kwa upanga. Shemeji alikuwa na mpango wake: chini ya ukuta kuna pango linalotupiwa mifupa, yeye atajigeuza fisi, atapita humo kama fisi wengine, atafungua lango kutoka ndani. Mpangaji aliupenda mpango ule. Kama ungefaulu, ingekuwa mara ya tatu mfululizo shemeji kumaliza kazi huku mpiga upanga amesimama nje na upanga wake.

"Ngoja kwanza," broka akasema. "Kanuni ni kanuni. Fisi amemwona wapi?"

"Nimemwona," shemeji akasema.

"Wapi? Mbwa tumekubali, mbwa wako kila mahali. Fisi hapana. Hawa siku hizi utawaona wapi? Kwenye runinga?"

"Nimesema nimemwona. Endelea na mchezo."

"Mzee!" Broka akaninyooshea kidole. "Dubu ulikataa kwa kanuni hii hii. Au kanuni inabadilika akija ndugu?"

Shemeji aliweka dadu mezani. Alizungumza nami kwa sauti ya chini, kama tuko wawili tu. "Shemeji, tuache. Nitajigeuza mbwa tena."

Hapo ndipo pangeishia. Alikuwa ameshanifungulia mlango wa kutokea. Lakini nilikuwa na daftari wazi, kalamu imesimama, na mtu anayeniuliza kama nina upendeleo. Nikamwambia ajibu.

Akajibu. Hakumtazama broka, alinitazama mimi muda wote.

Alikuwa na miaka tisa, alisema. Ulikuwa mwaka wa njaa, ng'ombe wanakufa, na kila boma lilikuwa linatupa mifupa nyuma ya uzio. Asubuhi mapema alitoka kwenda kujisaidia, akamkuta fisi mmoja kilema kati yake na nyumba. Alipiga kelele. Mama yake akatoka akiwa na kata ya kuchotea maji mkononi, hana rungu, hana hata jiwe. Hakuthubutu kukimbia wala kurusha kitu, kwa sababu mtoto alikuwa upande wa pili wa yule mnyama. Akasimama pale pale, akamwambia fisi kwa sauti ya kawaida, kwa Kisukuma, kwamba aondoke, humu hamna kitu chake. Fisi akaondoka.

"Jirani alikuwa anatoa ng'ombe," shemeji akasema. "Akaona. Wakasema mama ana fisi wake, anawasikiliza na wao wanamsikiliza. Mvua isiponyesha ni yeye, mtoto wa mtu akiugua ni yeye. Kabla ya mavuno walikuja wakamkatakata kwa mapanga. Mimi na dada tulikuwa kwa shangazi. Ndiyo, nimemwona fisi. Inatosha?"

Mke wangu aliniambia mama yake alikufa kwa homa. Nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na minne, na hilo ndilo alilochagua kuniambia, wakakubaliana na mdogo wake kulibeba hivyo, ili popote watakapokwenda wasiitwe watoto wa mwanamke wa fisi. Nililijua siku ile kwa mara ya kwanza, mezani, mbele ya broka.

Na nilifanya nini? Nataka niandike nilichofanya bila kukipunguza. Neno pekee lililonijia ni lile nililozoea.

"Ushahidi umekubalika," nikasema.

Kisha nikainamisha kichwa nikaandika. Fisi, shemeji, amemwona kwao, mama yake alimfukuza kwa neno, amekubaliwa.

Mpangaji alifunga karatasi zake akasema anaumwa kichwa. Broka akauliza taratibu, "Hiyo ni upande wa mtoni kule, siyo? Bibi alikuwa anatuhadithia. Mwanamke wa kata ya maji." Shemeji alijifunga khanga yake akaondoka. Hakuaga. Dadu zake aliziacha.

Maneno yalikwenda haraka. Sina ushahidi ni nani aliyeyabeba, ila mezani tulikuwa wanne, na mmoja tu kati yetu ndiye anayeshinda karasha na watu mia. Kwanza akina mama waliacha kumletea watoto kuchomwa sindano. Walikuwa wanapita mbele ya duka lake wakienda duka la mbali. Halafu asubuhi moja alikuta mfupa wa paja la ng'ombe umeegeshwa mlangoni. Siku nyingine, mifupa miwili. Mtoto wa mtaa ule akaugua degedege akafa, na mama mwenye nyumba ya duka akamwambia ahame kabla mwezi haujaisha.

Nilimfuata broka kwenye drafti.

"Umesema nini kuhusu shemeji yangu?"

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Sijaja kwa shikamoo. Umesema nini?"

"Kwani nimesema nini ambacho si kweli?" Alisogeza kete yake, hakuinua macho. "Aliyemuuliza si mimi. Mimi niliomba mwamuzi. Wewe ndiye uliyemuuliza, na mwenyewe akajibu. Cheza, wewe, zamu yako." Hayo ya mwisho alimwambia mwenzake.

Niliondoka pale nikiwa nimeamua kurekebisha. Nikamwomba mwenyekiti wa mtaa aitishe watu, nitawaeleza kila kitu. Shemeji alinikataza. Alikuja nyumbani kwangu, akasimama uani, akasema, "Shemeji, nakuomba usiseme kitu. Maneno haya yakiachwa yatachoka yenyewe. Ukiyapeleka mkutanoni utayapa miguu." Sikumsikiliza. Niliamini wale watu walikosa jambo moja tu, maelezo sahihi yaliyoandikwa. Nilikuwa nayo maelezo hayo, kwa mwandiko mzuri.

Mkutano ulikuwa Jumamosi asubuhi mbele ya ofisi ya mtaa. Nilikwenda nimevaa koti. Nikaeleza kwamba huu ni mchezo wa kuhadithiana, umetoka nje, una kitabu chake na kanuni zake, na kwamba mambo ya fisi yalisemwa mchezoni tu. Nikainua kitabu wakaona picha. Kisha, ili wasidhani natunga, nikafungua daftari nikawasomea kanuni kama nilivyozitafsiri. Kuhani anaweza kujigeuza mara mbili. Akili yake inabaki ya mtu. Mnyama akipigwa mpaka akaishiwa nguvu, yeye hafi, anarudi kuwa mtu.

Nilitegemea watacheka. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akasema, "Kumbe mpaka sheria zake zimeandikwa."

"Wanajigeuza mara mbili tu?" mwanamume mmoja akauliza nyuma. "Ya tatu je?"

"Ni mchezo!" nikasema. "Hakuna anayejigeuza!"

Mwenyekiti akaomba daftari. Sikuona sababu ya kumnyima. Alifunua kurasa polepole, akafika kwenye orodha yangu, akasoma kwa sauti ili watu wote wasikie. Mbwa, shemeji, amekubaliwa. Kenge, shemeji, amekubaliwa. Alipofika kwenye fisi akasoma mstari wote, pamoja na mama yake na neno lake.

"Mwandiko wa nani huu, mzee?"

"Wangu."

"Na huyu shemeji ni nani?"

Shemeji alikuwa amesimama kando ya ukuta wa ofisi. Alikuja kwa sababu nilimtumia ujumbe aje ajionee namna nitakavyomsafisha. Sikumtaja. Haikuhitajika, maana vichwa vyote vilikuwa vimeshamgeukia.

"Mimi sijasema kitu," broka akasema kutoka pembeni, mikono mifukoni. "Mzee mwenyewe kaandika."

Watu wa ulinzi wa mtaa walimsindikiza shemeji mpaka nyumbani, na mwenyekiti akamwambia kwa usalama wake asilale pale. Nilimkuta anafunga mizigo. Dawa zote alikuwa ameziacha kwenye rafu. Nikaanza kumwambia kwamba sikujua, kwamba mke wangu hakuwahi kuniambia, kwamba nilitaka kusaidia.

"Najua hukujua," akasema. "Lakini siku ile nilikuomba. Nilikwambia tuache. Kitabu kilikuwa mkononi mwako, shemeji. Ungekifunga tu."

Nikasema nitampeleka stendi. Akasema bajaji inakuja.

Mpangaji alihama wiki ile ile. Aliniachia kitabu mezani, na sikujua kama alinipa au alikitupa. Broka bado ni jirani yangu. Ananiamkia kila asubuhi, shikamoo mzee, kwa heshima zote, nami naitika marahaba, kwa sababu sina mahali pengine pa kuishi.

Shemeji alipokewa na binti yangu Shinyanga. Nilikwenda mara moja, nimebeba mchele na daftari, nikitaka kulichana mbele yake. Binti yangu alitoka nje akafunga mlango nyuma yake. Aliniamkia vizuri. Akaniuliza kama ni kweli kwamba mama yake mdogo aliomba waache, nami nikamwambia ajibu. Nikasema ni kweli. Akaniuliza kama ni kweli niliandika. Nikasema ni kweli. Akasema, "Baba, mama mdogo yuko ndani na anakusikia, na amesema hataki. Nami siwezi kumlazimisha mtu aliyenilea." Akachukua mchele, akanishukuru, akaingia.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mwanamke yule alipoteza duka lake, nyumba yake na mji aliozeekea, na siri aliyoitunza tangu akiwa na miaka tisa. Mimi nimempoteza yeye, na nimempoteza mwanangu wa pekee. Ana mtoto sasa, wa kike, nimeambiwa na watu. Sijamwona.